Kwa Pikipiki Kutoka Mlangoni mwa Rhine Hadi Chimbuko Lake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Safari Inayoanzia Bandari ya Hoek van Holland

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwendeshaji wa pikipiki anayeishi Uingereza na ambaye anataka kuvuka Bahari ya Kaskazini kwa meli ya kubeba magari, kutembea Ulaya kwa siku kumi, kisha kurejea kwenye bandari ileile aliyoshukia. Mfano unaotumika ni mmoja mwanzo hadi mwisho: bandari ya Hoek van Holland nchini Uholanzi, bonde la Mto Rhine, na milima ya Alps upande wa Uswisi. Anayetumia bandari nyingine atabadilisha majina ya miji, lakini namna ya kupanga haitabadilika sana.

Nianze kupanga na nini, ramani au tiketi ya meli?

Anza na siku ya kurudi. Watu wengi hufungua ramani, huchora mstari mzuri kuelekea milimani, huhesabu siku za kwenda, na siku za kurudi wanaziacha zijipange zenyewe. Hazijipangi. Barabara inaweza kukusubiri, hoteli inaweza kukusubiri ukiwapigia simu mapema, lakini meli haisubiri mtu, na tiketi ya usiku iliyolipiwa pamoja na chumba ni ghali kuibadilisha dakika za mwisho. Kwa hiyo andika kwanza tarehe na saa ya mwisho ya kuripoti bandarini wakati wa kurudi, kisha rudi nyuma siku moja moja: usiku wa mwisho nilale umbali gani kutoka bandarini, usiku wa kabla yake nilale wapi, na kadhalika hadi ufike mahali pa mbali kuliko pote. Hapo ndipo utakapojua kwa hakika safari yako inaweza kufika wapi.

Nilijifunza hili kwa gharama. Safari yangu ya kwanza niliipanga kwa kuangalia mbele tu, nikajikuta asubuhi ya siku ya mwisho nina kilomita 640 za mvua kati yangu na bahari. Nilifika gatini nikiwa nimelowa hadi soksi, nikaitazama meli yenye kitanda nilichokilipia ikiacha gati.

Kwa nini Hoek van Holland, na si Calais ambako safari ya baharini ni fupi zaidi?

Ni kweli kwamba Dover hadi Calais ni kama dakika 90 kwa meli, na treni ya chini ya bahari kutoka Folkestone hutumia dakika 35 tu. Mwenye kwenda Ufaransa ya magharibi au Hispania hana sababu ya kupita kwingine, isipokuwa kama ataamua kwenda moja kwa moja Santander kwa meli ya kutoka Plymouth au Portsmouth. Lakini kwa anayeelekea Ujerumani na Uswisi, hesabu ni nyingine. Meli ya kutoka Harwich, iliyo kama kilomita 130 kutoka London, husafiri usiku na kufika Hoek van Holland asubuhi. Unalala kitandani wakati meli inakula umbali ambao wewe ungeula kwenye barabara kuu tambarare za Ufaransa ya kaskazini, ambazo kwa mwendeshaji wa pikipiki hazina lolote isipokuwa upepo wa ubavuni na kuchakaa kwa tairi katikati. Ipo pia safari ya mchana ya kama saa saba. Inafaa kwa anayependa kutazama bahari, ila inakushusha jioni, na siku nzima inakuwa imekwenda.

Watu wa kaskazini mwa Uingereza wana njia zao: Hull hadi Europoort karibu na Rotterdam, na Newcastle hadi IJmuiden karibu na Amsterdam. Europoort iko jirani kabisa na Hoek van Holland, ng'ambo ya maji, hivyo ratiba iliyo hapa chini inawafaa nao.

Kwa nini njia ifuate Mto Rhine?

Kwa sababu mto tayari umeshapanga njia. Hoek van Holland iko pale ambapo maji ya Rhine huingia baharini kupitia Nieuwe Waterweg, mfereji uliofunguliwa mwaka 1872 ili Rotterdam ipate njia ya moja kwa moja ya kutokea baharini. Ukipanda na mto huo kwa kama kilomita 1,230 unafika kwenye milima ya Graubünden nchini Uswisi, chini kidogo ya kipito cha Oberalp chenye mwinuko wa mita 2,044. Kipito hapa ni mahali ambapo barabara huvuka mgongo wa mlima kutoka bonde moja kwenda jingine.

Juu ya kipito hicho, katikati ya majabali, mbali na bahari yoyote, umesimama mnara mwekundu wa kuongozea meli. Ni nakala ya mnara uliokuwa ukiwaka Hoek van Holland zamani, na ule wa asili umehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya bahari mjini Rotterdam. Waswisi waliuweka pale mwaka 2010 kuonyesha kwamba mto huo unaanzia huko. Kwa msafiri aliyeshuka melini mlangoni mwa mto siku chache kabla, sioni alama bora zaidi ya kugeuzia safari.

Je, kwa siku moja nipange kilomita ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Kwenye barabara kuu, pamoja na kusimama kujaza mafuta na kunywa chai, mtu aliyezoea hufanya kilomita 400 bila taabu. Kwenye barabara za milimani wastani hushuka hadi kilomita 40 au 50 kwa saa, kwa hiyo kilomita 200 ni siku kamili, na kwa anayebeba abiria ni siku ndefu. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua kwamba umbali wa kwenye ramani na muda wa barabarani ni vitu viwili tofauti. Huku Alps, kupanda kwa aina hiyo kunaweza kukufuata kutwa nzima, kipito baada ya kipito.

Programu za simu hukadiria muda kana kwamba husimami kupiga picha, huvai nguo za mvua, na hukwami nyuma ya gari la kukokota nyumba. Uongeze muda huo kwa theluthi moja.

Ratiba yenyewe ikoje?

Siku ya kwanza ni ya kazi. Ukishuka asubuhi, pitia Rotterdam, uvuke mpaka wa Ujerumani, upite pembeni mwa Köln bila kuingia mjini, na ulale Koblenz, ambako Mto Mosel unaungana na Rhine. Ni kama kilomita 380, karibu zote za barabara kuu. Mwenye kutaka kupumzika njiani anaweza kugeuka kidogo kuona vinu 19 vya upepo vya Kinderdijk, lakini asikae sana.

Siku ya pili ndiyo inayofungua safari. Kutoka Koblenz hadi Bingen, kama kilomita 65, Rhine umejichimbia bonde jembamba lenye majumba ya kale juu ya kila jabali na mizabibu mitelemkoni. Sehemu hii iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2002. Barabara ya B9 inafuata ukingo wa magharibi na B42 ukingo wa mashariki, na katikati ya bonde hakuna daraja hata moja. Watu huvuka kwa vivuko vidogo, kama kile cha St. Goar, na kwa kijana wa Kigamboni au Likoni jambo hili litamfanya ajisikie nyumbani, ingawa hapa hakuna wa kugombania nafasi. Ushauri wangu ni kwenda na B9 hadi St. Goar, kuvuka, kuutazama mwamba wa Loreley kwa karibu, kisha kuendelea na B42. Baada ya Rüdesheim rudi kwenye barabara kuu hadi Baden-Baden, kisha panda B500 hadi Freudenstadt ndani ya Msitu Mweusi.

Siku ya tatu, endelea kusini hadi Triberg, ambako B500 inaanza tena, na uifuate kupitia Furtwangen na Titisee hadi inaposhuka Waldshut, ambako utakutana na Rhine upya. Karibu na Furtwangen kuna chimbuko la Mto Breg, ambao ni mkono wa Danube, kwa hiyo mvua inayokunyeshea pale huenda ikaishia Bahari Nyeusi badala ya kurudi nawe Uholanzi. Lala Schaffhausen, uyaone maporomoko ya Rhine, yenye upana wa mita 150 na kimo cha mita 23.

Siku ya nne ni kama kilomita 250: Stein am Rhein, ukingo wa kusini wa Ziwa Konstanz, Vaduz mji mkuu wa Liechtenstein, Chur, halafu bonde la Rhine ya Mbele, mmoja wa mikono ya juu ya mto huo, hadi Disentis, ambako utawasikia wenyeji wakizungumza Kiromanshi, mojawapo ya lugha za Uswisi. Siku ya tano unapanda Oberalp, unashuka Andermatt, unapanda Furka (mita 2,429), unashuka Gletsch, unapanda Grimsel (mita 2,164), na unalala Meiringen. Jumla ni kama kilomita 100 tu, na sitakushauri uongeze hata moja. Siku ya sita iachwe wazi. Kukiwa na jua, nenda kipito cha Susten na kurudi. Kukiwa na mvua, fua soksi.

Kurudi, siku ya saba pitia kipito cha Brünig, Luzern na Basel hadi Cernay nchini Ufaransa. Siku ya nane ni ya Route des Crêtes, barabara ya juu ya mgongo wa Vosges iliyojengwa na jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili kupeleka mahitaji mbele bila kuonekana na Wajerumani. Inapita karibu na kilele cha Grand Ballon, chenye mita 1,424. Ukishuka, elekea kaskazini ulale Schengen, kijiji kidogo cha Luxemburg kwenye Mto Mosel. Ndicho kijiji kilichoipa visa ya Schengen jina lake, kwa kuwa mkataba wa kuondoa ukaguzi wa mipakani ulitiwa saini hapo, ndani ya boti, tarehe 14 Juni 1985. Siku ya tisa pita Echternach, Vianden na misitu ya Ardennes hadi Maastricht. Siku ya kumi ni kilomita kama 220 za barabara kuu hadi bandarini, na umebaki na mchana mzima wa akiba.

Vipito vya milima huwa wazi wakati gani?

Furka, Grimsel na Susten hufungwa wakati wote wa majira ya baridi na kwa kawaida hufunguliwa kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, kulingana na theluji, kisha hufungwa tena Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Theluji inaweza kuanguka hata Julai na kukifunga kipito kwa siku moja. Chini ya kila mlima kuna ubao: *offen* maana yake pako wazi, *geschlossen* pamefungwa, kwa Kifaransa ni *ouvert* na *fermé*, kwa Kiitaliano *aperto* na *chiuso*. Soma ubao kabla ya kupanda, si baada. Furka ikifungwa, kuna treni inayobeba magari na pikipiki ndani ya mlima kati ya Realp na Oberwald.

Kwa maoni yangu majuma bora ni yale ya nusu ya kwanza ya Septemba. Shule nyingi zimefunguliwa, magari yamepungua, na mchana bado ni mrefu wa kutosha.

Nibebe nyaraka gani?

Leseni kamili ya pikipiki, kadi halisi ya usajili wa pikipiki, cheti cha bima, na pasipoti. Mwenye leseni ya mwanafunzi pamoja na cheti cha mafunzo ya awali cha Uingereza hawezi kuitumia nje ya nchi hiyo, hata kama pikipiki yake ni ya cc 125. Kama pikipiki si yako, chukua barua ya idhini ya mwenyewe. Tangu Septemba 2021 alama ya nchi ni UK, na kibandiko cha zamani cha GB hakikubaliki tena. Kadi ya kijani ya bima haihitajiki kwa nchi za njia hii, lakini piga simu kwa kampuni yako uulize swali moja: je, bima kubwa niliyonayo Uingereza inabaki kubwa Ulaya, au inashuka kuwa ya kulipa wengine tu? Kampuni nyingi huishusha, na mteja hugundua siku ya ajali.

Nina pasipoti ya Kenya au ya Tanzania ingawa ninaishi Uingereza. Je, ninahitaji visa?

Ndiyo. Kibali cha kuishi Uingereza hakikuondolei visa ya Schengen, na jambo hili huwashangaza wengi waliozoea kuona wenzao wa kazini wakivuka na pasipoti tupu. Maombi hupelekwa kwenye nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Usiku ukilingana, ni nchi utakayoingia kwanza. Katika ratiba ya hapo juu Uswisi ndiyo yenye usiku mwingi, na Uswisi imo ndani ya eneo la Schengen ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo ubalozi wake ndio utakaoshughulikia ombi lako, si ule wa Uholanzi unakoshukia. Ombi linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisiwe chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000.

Kwa sababu visa huombwa na ratiba pamoja na mahali pa kulala, jambo la kupanga kuanzia siku ya kurudi linakuwa na faida ya pili: karatasi zako zitakuwa tayari. Weka nafasi za hoteli zinazoruhusu kughairi. Kuhusu kurejea Uingereza, hakikisha pasipoti unayosafiri nayo ndiyo iliyounganishwa na akaunti yako ya eVisa, kwani kadi za zamani za ukaazi hazitumiki tena kama uthibitisho na wahudumu wa meli huangalia kabla ya kukupandisha.

Pikipiki hufungwaje ndani ya meli?

Hii si Likoni, ambako mwendeshaji hukaa juu ya pikipiki yake mguu chini hadi ng'ambo. Bahari ya Kaskazini huchafuka, na pikipiki huachwa peke yake chini kwa saa nyingi huku milango ya sitaha hiyo ikiwa imefungwa kwa abiria. Utaongozwa kwenye safu yenye pete sakafuni. Weka stendi ya pembeni, si ya katikati, acha gia ya kwanza, geuza usukani kushoto, na zima kengele ya wizi. Wahudumu hupitisha mkanda juu ya kiti na kuukaza. Pale mkanda unapogusa kiti weka glavu ya zamani au kitambaa kinene. Kama mhudumu amekupa mkanda ujifungie mwenyewe na hujawahi, mwombe akuonyeshe. Hakuna aibu, na yeye hataki kuona pikipiki imelala juu ya nyingine.

Sakafu ni ya chuma chenye rangi, na ikilowa huteleza kama sabuni. Usifunge breki ya mbele kwa nguvu wakati wa kupanda wala wa kushuka. Vitu vya usiku viweke kwenye begi dogo mapema, kwa kuwa hutaruhusiwa kurudi kuvifuata.

Kuendesha upande wa kulia kuna ugumu gani?

Anayetoka Bujumbura, Kigali au Bukavu amezoea kulia na anaweza kuliruka jibu hili. Kwa Mkenya, Mtanzania na Mganda, ambao wamekulia upande wa kushoto na kuishi Uingereza upande huohuo, hatari haipo pale unaposhuka melini. Pale unafuata magari mengine na akili iko macho. Hatari ni siku ya tatu asubuhi, unapotoka peke yako kwenye kituo kidogo cha mafuta na barabara ni tupu. Mkono wa mazoea hukuelekeza kushoto. Bandika mshale mdogo wa karatasi juu ya tangi, ukiuelekeza kulia, na uusome kila unapowasha injini.

Kwenye mizunguko, magari hutoka kushoto kwako. Kwenye makutano yasiyo na alama katika nchi zote za njia hii, anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita, hata akiwa anatoka kwenye kichochoro. Na kwenye barabara za milimani za Uswisi zenye alama ya buluu yenye baragumu ya manjano, basi la posta lina kipaumbele, na dereva akikupa ishara ya kurudi nyuma, urudi.

Kuna ushuru wa barabara?

Uholanzi, Ubelgiji, Luxemburg na Ujerumani hazitozi pikipiki kwenye barabara kuu. Uswisi hutaka kibandiko cha faranga 40 kwa mwaka, na siku hizi unaweza kukinunua kwa intaneti kikaunganishwa na namba ya pikipiki. Hakuna cha siku chache. Ufaransa hulipwa kwenye vibanda, na pikipiki ina daraja lake la bei nafuu, la tano. Austria ina kibandiko chake cha siku kumi, lakini njia hii haiingii huko.

Na kasi pamoja na sheria nyingine?

Katika miji ya nchi zote hizi kikomo cha kawaida ni kilomita 50 kwa saa, na maeneo mengi yameshuka hadi 30. Nje ya miji ni 80 Uswisi na sehemu kubwa ya Ufaransa, na 100 Ujerumani. Barabara kuu za Uholanzi ni 100 mchana karibu kote, Uswisi ni 120, Ufaransa 130, na mvua ikinyesha Ufaransa hushuka hadi 110. Ujerumani ina vipande visivyo na kikomo, lakini aliyebeba masanduku ya pembeni hana la kutafuta huko.

Uswisi haina utani na faini, na ni kosa kutumia kifaa kinachokuonya mahali zilipo kamera za kasi. Zima kipengele hicho kwenye simu kabla ya mpaka. Ufaransa hudai glavu zenye alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, na fulana ya kung'aa iwe karibu. Kupenya katikati ya foleni, jambo la kawaida London na Nairobi, ni kosa Ujerumani, na ile njia ambayo magari huifungua katikati foleni inapoanza ni ya magari ya dharura, si yako.

Mafuta yakoje?

Njia nzima bila Uingereza ni kama kilomita 2,250. Pikipiki inayotumia lita 5 kwa kilomita 100 itahitaji kama lita 115. Luxemburg kwa kawaida ni rahisi kuliko majirani zake, kwa hiyo fika Schengen na tangi linalokaribia kuisha. Angalia maneno kwenye pampu: *gazole* ni dizeli, si petroli, na kosa hilo limemkwamisha zaidi ya mtu mmoja. Vituo vingi vya vijijini havina mtu. Vinataka kadi, na benki inaweza kushikilia kiasi kikubwa kwa muda kabla ya kurudisha kilichobaki.

Naweza kubeba chakula kutoka nyumbani?

Chapati na karanga, ndiyo. Sambusa za nyama, hapana. Tangu Uingereza itoke kwenye Umoja wa Ulaya, nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa, na Januari 2021 televisheni ya Uholanzi iliwaonyesha maofisa wa Hoek van Holland wakiwanyang'anya madereva mikate yao yenye nyama. Wakati wa kurudi nako, jibini na soseji za Ulaya zinakatazwa kuingia Uingereza tangu Aprili 2025.

Nivae nini ikiwa ninasafiri wakati wa joto?

Hewa hupoa kwa kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Siku ambayo bandarini kuna nyuzi 22, juu ya Oberalp tarajia kama 9, na ongeza upepo wa mwendo. Nguo nyembamba za tabaka tatu ni bora kuliko koti moja nene, na jozi ya pili ya glavu ni muhimu kuliko jozi ya pili ya suruali.

Pikipiki ikiharibika njiani?

Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote za njia hii. Nunua bima ya uokoaji inayotaja Uswisi kwa jina. Kwenye barabara kuu za kulipia za Ufaransa fundi wako wa bima haruhusiwi kuingia. Tumia simu ya rangi ya chungwa iliyo kando ya barabara, gari la kukokota la eneo hilo litakutoa, kisha bima ikurudishie fedha. Simu yako nayo iangalie: vifurushi vingi vinavyofanya kazi Umoja wa Ulaya huishia mpakani mwa Uswisi, kwa hiyo pakua ramani mapema.

Mengi huzuilika nyumbani. Tairi lililobakiza nusu linaweza kumalizika kabla ya kurudi, cheni inahitaji mafuta kila jioni au mbili, na kwenye mitelemko mirefu shuka kwa gia ya chini ili injini ibebe uzito, la sivyo breki zitachemka na kupoteza nguvu.

Je, niongeze Stelvio?

Kila mtu huuliza hili. Stelvio, kipito cha Alps upande wa Italia, iko mita 2,757, ilimalizika kujengwa mwaka 1825, na upande wa Prato una kona 48 zenye namba. Ni kazi ya uhandisi ya kustaajabisha. Pia mwishoni mwa juma la Julai hujaa mabasi, baiskeli na watu wanaopiga picha katikati ya kona, na kona zenyewe ni fupi na kali kiasi kwamba pikipiki nzito hupindishwa kwa klachi na maombi. Kutoka Chur inaongeza angalau siku mbili. Mwenye siku 12 na aende, apande alfajiri, kupitia kipito cha Umbrail. Mwenye siku kumi aiache. Furka na Grimsel zitamtosha kabisa.

Nikifika bandarini mapema siku ya mwisho, nifanye nini na muda huo?

Kilomita chache tu kabla ya gati, kwenye ukingo wa Nieuwe Waterweg, kuna Maeslantkering, lango la kuzuia mawimbi ya dhoruba lililozinduliwa mwaka 1997. Lina mikono miwili ya chuma, kila mmoja upana wa mita 210, inayoelea hadi katikati ya mfereji na kuzama ili bahari isiingie Rotterdam. Kando yake kuna kituo cha wageni na mahali pa kuegesha pikipiki. Kaa pale na chai, tazama meli zikipita, jaza tangi mjini, kisha ujiunge na foleni ya gatini mapema, kwani pikipiki mara nyingi hupandishwa kwanza na aliyetangulia hupata pete iliyo karibu na ukuta.